Theluji imeanguka ufukweni mwa bahari ya joto. Sisi wa Goma tulio mita 1,500 juu hatujawahi kuiona. Kwa nini?

#1 Mtoto_wa_Ndosho
Jambo wakubwa na wadogo. Juzi, baada ya ile mvua ya mawe iliyotupiga, tulibishana kijiweni mpaka chai ikapoa. Jamaa mmoja akatoa telefone na kutuonyesha video ya mwezi wa kwanza 2025, New Orleans, Marekani. Mji wa joto, karibu na bahari. Mitende imesimama na theluji kichwani kama imefunga kilemba, watu wanateleza barabarani juu ya vifuniko vya plastiki, na masista waliovaa mavazi yao kamili wanarushiana mabonge na padri.

Jamaa akasema: "Pale ni usawa wa bahari, kiangazi chao kinachemsha kuliko chetu. Sisi tuko juu mlimani na tunalala na bulangeti mbili. Theluji ingepaswa kuanzia kwetu." Mimi nikajibu tuko karibu na ikweta. Wakanicheka, eti hilo ni jibu la darasa la tano.

Wanaojua watusaidie. Kuna dau la franga elfu kumi kati yangu na jamaa, kama kwetu theluji inaweza kuanguka au la, kwa hiyo msinipe majibu ya mkato.

#2 Kinyonga_Kadutu
Elfu kumi? Kwa bei hiyo mwite Mwalimu_Mstaafu, ndizo kazi alizozoea.

#3 Motari_Birere
Bulangeti mbili? Weye uko tajiri. Sisi tunatoka Sake na moto (pikipiki) saa nne ya usiku, baridi inaingia mpaka mu mifupa, na theluji hatuionake. Njo mimi pia nataka jibu.

#4 Mtumishi_77
Mambo ya kuuliza Mungu mnauliza watu. Anazo ghala zake, anafungua anapotaka na kwa anayetaka. Mji wa sherehe na ulevi kufunikwa nyeupe, hamjaona ishara?

#5 Kinyonga_Kadutu
Mtumishi, na masista waliokuwa wanarushiana mabonge nao walikuwa kwenye hukumu?

#6 Mwalimu_Mstaafu
Asante kwa dharau, Kinyonga. Nimekufundisha, naujua mwandiko wako.

Tufanye hesabu. Ukipanda mlima, kila mita 1,000 hewa inapoa kwa digrii 6 na nusu hivi. Wastani wa joto la Goma ni digrii 19 au 20. Gawanya: sifuri unaikuta kwenye mita 4,500 na kitu. Toa 1,500 tulizo nazo, zinabaki mita 3,000. Maana yake theluji ipo, iko juu ya vichwa vyetu kila wingu kubwa la mvua linapopita. Matone mengi yanayopiga bati lako yalianza safari yakiwa barafu, yakayeyuka njiani. Mvua ya mawe ni yale mabonge makubwa yaliyorushwa juu na kushuka mara kadhaa ndani ya wingu mpaka yakawa mazito, yakafika chini kabla ya kuyeyuka yote. Kwa hiyo jamaa yako ana haki nusu. Mwinuko unasaidia, ila huu wetu hautoshi.

#7 Mpagazi_wa_Volkano
Mwalimu, hesabu yako inaniangukia mimi. Karisimbi ina mita 4,507. Kwa hiyo inagusa sifuri yako kabisa. Na kweli, kuna asubuhi ukiwa upande wa Kibumba, mawingu yakifunguka kabla ya saa moja, unaona kichwa cha Karisimbi cheupe. Saa nne hakuna kitu tena. Wazee wanasema hata jina linatokana na *isimbi*, kile kisimbi cheupe. Basi theluji tunayo, tena tunaiona bila viza.

#8 Ndege_wa_Nguba
Ile ya Karisimbi si theluji. Ni mvua ya mawe iliyolala, au umande ulioganda.

#9 Mpagazi_wa_Volkano
Umepanda?

#10 Ndege_wa_Nguba
Sijapanda. Na wewe uliionja?

#11 Mpagazi_wa_Volkano
Nimepanda Nyiragongo mara zisizo na hesabu, pale kileleni mita 3,470, nikakuta mawe ya mvua mpaka kifundoni. Yanakwaruza chini ya buti kama changarawe. Karisimbi nimeitazama tu kwa mbali, nakubali. Lakini mvua ya mawe haipaki mlima mzima rangi moja vile.

#12 Mtoto_wa_Ndosho
Mbona mnaniibia uzi. Nimeuliza kwa nini New Orleans ipate.

#13 Mama_Mapasa_TX
Habari zenu nyote. Mimi mzaliwa wa Bagira, Bukavu, niko Houston, Texas, na watoto wangu. Hiyo ya 2025 ilitupitia sisi kwanza, tarehe 21 mwezi wa kwanza. Houston tulipata kidogo, vidole viwili vitatu vya mkono, lakini walifunga shule na viwanja vya ndege vyote viwili. New Orleans walipimiwa sentimita 20. Na kule Milton, Florida, ambako watu huenda kutafuta jua, sentimita 25. Rekodi ya jimbo zima la Florida kabla ya hapo ilikuwa kama sentimita 10, ya mwaka 1954, na ilikuwa hapohapo Milton.

Nitawaambia kitu ambacho video haionyeshi. Theluji haina sauti. Huko nyumbani mvua ikipiga mabati hamsikilizani, mnaongea kwa mikono. Ile ilianguka usiku na sikusikia kitu. Niliamka nikadhani nimepitwa na saa, maana mwanga dirishani ulikuwa mwingi na barabara kubwa, ambayo haijawahi kunyamaza tangu nifike hapa, ilikuwa imenyamaza. Nikafungua mlango. Mapasa wangu, yaani mapacha, wakatoka na malapa (ndala) miguuni. Malapa! Nikawarudisha, nikawavika soksi, juu ya soksi mifuko ya plastiki ya dukani, ndipo viatu. Jirani yangu Mmeksiko na yeye anawavika wake hivyohivyo, tukatazamana tukacheka.

Saa nane ya mchana yote imekuwa tope.

#14 Motari_Birere
Mama, iko na ladha gani?

#15 Mama_Mapasa_TX
Ladha ya frigo isiyosafishwa.

#16 Kinyonga_Kadutu
😂😂 uzi umepata jibu, mtu afunge.

#17 Jicho_la_Tatu
Watu wazima mnadanganyana na mambo ya hewa. Kuna mashine kule Alaska, inachezea anga. Jiulizeni kwa nini mambo haya yanatokea sasa tu.

#18 Mama_Mapasa_TX
Ndugu Jicho, si sasa tu. Mwezi wa pili 1895 Houston ilipata theluji ya nusu mita. Galveston, kisiwa kabisa, mchanga na maji pande zote, ilipata kama sentimita 39. Mwaka 1895 hiyo mashine ilikuwa inaendeshwa na punda? Na mwaka 2004, usiku wa kuamkia Krismasi, theluji ilifika mpaka Brownsville, mpakani na Meksiko. Kule ilikuwa ya kwanza kupimika tangu hiyo ya 1895. Watu wamezaliwa, wameoa, wamezikwa bila kuiona.

#19 Jicho_la_Tatu
Na hizo rekodi za 1895 aliandika nani?

#20 Mwalimu_Mstaafu
Tumwache.

Mtoto wa Ndosho, sikiliza sasa, hapa ndipo elfu kumi yako ilipo. Theluji inataka vitu viwili vikutane: baridi na unyevu. Pwani ile unyevu haujawahi kukosekana, Ghuba ya Meksiko ni sufuria ya maji vuguvugu. Kinachokosekana ni baridi. Na baridi inatoka Kanada na kaskazini zaidi. Tazama ramani: milima yao mikubwa imelala kaskazini kwenda kusini. Hakuna ukuta wa kukata upepo katikati. Hewa ya ncha ya dunia ikichomoka inateremka kwenye tambarare mpaka ufukweni kama maji kwenye mfereji. Mara nyingi inafika kavu, watu wanatetemeka na jua linawaka. Ila ikitokea siku hiyohiyo kuna kimbunga kidogo cha mvua kinapita juu ya ghuba, unyevu unapanda juu ya ile hewa baridi, na mvua inashuka ikiwa theluji. Lazima vikutane kwa saa zilezile. Ndiyo maana ni nadra.

#21 Ndege_wa_Nguba
Mwalimu, kwa maelezo hayo Durban nayo ingepata. Nimeangalia: Galveston iko digrii 29 kaskazini, Durban karibu 30 kusini. Zote bandari, zote ufukwe. Durban mjini theluji haianguki.

#22 Shofere_wa_Kasumba
Mumeita Durban, njo nimeamka. Bandugu, miye niko shofere wa makamio (malori), natoka Lubumbashi na shaba, napita Kasumbalesa, Zambia, mpaka kule mu bandari. Mwezi wa tisa 2024 nilipataka hiyo theluji yenu. Haikukuwa Durban, ilikuwa pale juu Van Reenen, kwenye njia ya N3. Ijumaa usiku makamio inasimama, nafikiri ni aksida mbele. Vitu vyeupe vinakuja mu mataa kama unga wa bukari (ugali) mtu amepuliza. Asubui mlango haufunguki, theluji imefika kwenye ngazi ya kamio. Mbele makamio, nyuma makamio, mamia. Tulilala pale.

Kitu cha kuchekesha: maji ya kupikia yakatuishia. Boyi-shofere wangu akasema, "patron, maji si haya hapa." Akajaza sufuria kubwa ya bukari mpaka juu, akashindilia na mkono, akaweka ku moto. Ikashuka, ikashuka. Mwisho maji yalibakia kidole kimoja. Akajaza tena. Mara ine, mara tano, na mikono yake inawaka kama amepondea pilipili. Bukari ile tulikula saa tisa.

Nilipoteremka Durban kisha njia kufunguliwa, jua, watu wako ku maji wanaogelea. Nikawaonyesha picha, wakanijibu: kule ni mlimani.

#23 Mtoto_wa_Ndosho
Pole sana mzee. Sasa hiyo Van Reenen ina mita ngapi?

#24 Mwalimu_Mstaafu
1,680. Inatuzidi kwa mita zisizofika 200.

#25 Mtoto_wa_Ndosho
Ndiyo nawaambia! Mwinuko wetu, theluji ya nusu mlango. Basi jamaa amekosea kusema ni mwinuko, na Mwalimu naye amekosea.

#26 Mwalimu_Mstaafu
Sijakosea, ulisoma haraka. Van Reenen iko digrii 28 kutoka ikweta, Goma haifiki 2. Kule jua la majira ya baridi linapita pembeni, usiku mrefu. Sisi jua liko utosini mwaka mzima, mwezi wa kwanza na wa saba ni ndugu pacha. Kwa hiyo jibu lako la darasa la tano lilikuwa sahihi, ila ulilitoa bila maelezo.

Na la Durban, Ndege ameuliza vizuri. Kusini mwa Afrika ni bahari tupu mpaka Antaktika. Baridi ikitoka huko inavuka maelfu ya kilomita za maji, na maji yanaipasha moto njiani. Inafika Durban imechoka. Ile ya Amerika inatembea juu ya nchi kavu iliyoganda tangu inapoanzia, haipati pa kujipasha.

#27 Ndege_wa_Nguba
Hilo nalipokea kwa sasa. Lakini bado Aljeria. Ain Sefra, mlangoni mwa Sahara, ilipata theluji mwaka 2016 na 2018, mchanga mwekundu na mstari mweupe juu. Kati yao na baridi ya Ulaya kuna bahari nzima ya Mediterania.

#28 Mwalimu_Mstaafu
Ain Sefra iko kama mita 1,000 juu, kwenye milima ya Atlasi.

#29 Ndege_wa_Nguba
Kwa hiyo huku ni mwinuko, kule ni latitudo, pale ni bahari. Kila mahali una ufunguo wake mfukoni.

#30 Kinyonga_Kadutu
Ndivyo alivyokuwa anasahihisha mitihani.

#31 Kaka_wa_Himbi
Nyote mmesahau volkano. Goma tumekaa juu ya moto. Nyiragongo iliungua 2002, ikaungua 2021, ardhi yenyewe ni jiko. Theluji itakaa wapi?

#32 Kinyonga_Kadutu
Bukavu hatuna jiko hilo, na theluji pia hatuna. Tafuta lingine.

#33 Kaka_wa_Himbi
Basi ni ziwa. Kivu haipoi.

#34 Mama_Mapasa_TX
Na joto la dunia je? Kila theluji ikianguka hapa kuna mwanaume kazini anasema, "liko wapi sasa hilo joto lenu?" Nilisoma kwamba ile baridi ya kaskazini kwa kawaida inazunguka kwenye ncha kama ng'ombe kwenye zizi, na ncha ikipata joto zizi linalegea, ng'ombe wanatoroka kusini. Lakini wataalamu wengine wanabisha, wanasema ng'ombe walikuwa wanatoroka tangu zamani, hata hiyo 1895. Sijui nimwambie nini yule mwanaume.

#35 Mpagazi_wa_Volkano
Mwambie aje Mutwanga aone Rwenzori. Barafu ya zamani imebaki viraka.

#36 Jicho_la_Tatu
Rwenzori ni ya Uganda.

#37 Mpagazi_wa_Volkano
Nusu yake. Kilele cha Margherita, mita 5,109, kiko mpakani, unaweza kupandia Mutwanga upande wetu. Theluji ya kudumu ya Kongo iko pale. Mtoto wa Ndosho, dau lenu lilisema "Goma" au "Kivu ya Kaskazini"? Maana kama ni Kivu ya Kaskazini umeshapoteza.

#38 Mtoto_wa_Ndosho
Tulisema "kwetu".

#39 Kinyonga_Kadutu
Hahaha. Mwanasheria anatakiwa.

#40 Mama_Mapasa_TX
Niseme jambo moja lisilo la kucheka. Baridi iliyotuumiza haikuwa ya 2025, ilikuwa ya mwezi wa pili 2021. Umeme ulikatika Texas siku nyingi, mabomba yakapasuka, jikoni kwangu maji yalishuka kutoka dari kama mto. Zaidi ya watu 200 walikufa jimboni. Kule ufukweni kasa wa baharini waliganda kwa baridi, wakaelea kama mbao, watu wakawaokota kwa maelfu, wakawapanga ukumbini sakafuni mpaka wapate joto. Na kuna majirani zetu Waafrika walioingiza mbabula (jiko la makaa) ndani wakafunga madirisha, kama tulivyozoea. Mmoja wetu alibisha mlango kwa bahati. Wakatolewa wakiwa wanatapika. Kila mwaka nawapigia watu simu: makaa ndani hapana.

#41 Motari_Birere
Pole mama. Hiyo njo mazuku.

#42 Mwalimu_Mstaafu
Si mazuku. Mazuku yetu ni kabonidioksidi inayotoka ardhini, nzito, inalala kwenye mabonde na kuua mbuzi na mtu aliyeinama. Ya mbabula ni kaboni monoksidi, haina harufu, haichagui bonde. Kuua zinaua zote mbili.

#43 Mtumishi_77
Mungu awalinde wote walio ugenini. Siku zile za 2025 na sisi hapa umeme ulikuwa umekatika, kwa sababu nyingine. Hata video hizo tuliziona baadaye.

#44 Motari_Birere
Kweli.

#45 Mdau_wa_Nakuru
Samahani kuingilia, mimi ni wa Kenya. Mwaka 2008 mwezi wa tisa, kijiji cha Busara karibu na Nyahururu, mlima mzima uligeuka mweupe. Watu wakasema theluji, wengine muujiza, watoto wakala. Idara ya hali ya hewa ikaja ikasema ni mvua ya mawe iliyogandana ikawa kama shuka moja. Kwa hiyo ndugu Mpagazi, mvua ya mawe inaweza kupaka mlima rangi moja.

#46 Ndege_wa_Nguba
Karibu sana, ndugu yangu wa Kenya. Karibu, karibu.

#47 Mpagazi_wa_Volkano
Busara si Karisimbi. Nitapanda, nitaleta kwenye termosi.

#48 Mama_Baloti
Nyinyi wote mnasema theluji haifiki Goma. Inafika. Inafika mu baloti. Mimi nauza mitumba hapa Birere, nikifungua baloti ya makoti, ni theluji tupu: makoti ya manyoya, ya kujaa hewa kama mto, buti ndefu, glavu za mkono mmoja. Wateja wangu wakubwa ni wamotari. Theluji ikipungua kule, sijui watatuvalisha nini.

#49 Motari_Birere
Langu nilinunua kwako! Lile la bluu. Mama, kwenye zipu lilikuwa na kikaratasi kigumu, kimefungwa na kiwaya, kiko na namba na mistari mistari. Ni kitu gani?

#50 Mama_Mapasa_TX
Ni tikiti. Kule kwenye milima ya theluji watu wanalipa kupandishwa juu na kiti cha kamba, halafu wanateremka wakiteleza. Wanaifunga kwenye koti ili mlinzi aione.

#51 Kinyonga_Kadutu
Wanalipa kupanda, halafu wanashuka bure?

#52 Mtoto_wa_Ndosho
Jamaa nimemsomea uzi wote. Hataki. Anasema Karisimbi ni yetu, kwa hiyo ameshinda, na kwa Van Reenen pia ameshinda, sijui vipi. Tumegawana elfu tano tano mpaka termosi ya Mpagazi irudi.

#53 Mwalimu_Mstaafu
Ya kwangu iko wapi?

#54 Motari_Birere
Sasa nimeelewa. Mimi sijatoa kile kikaratasi, kiko ku zipu mwaka wa pili. Wakinisimamisha barabarani wanakiangalia hivi, wanageuza nyuma, wanageuza mbele, wananiambia haya, pita.